Kiwanja Hununuliwa Kwanza Moyoni



Kamati nyingi za parokia hapa Tanzania zinatafuta kiwanja, fremu za maduka au nyumba ya kupangisha ili parokia ipate kipato chake yenyewe. Nia hiyo ni njema. Lakini vikao vingi huzungumzia bei, ramani na saruji tu. Katika toleo hili tunapenda kueleza upande unaosahaulika, yaani saikolojia: jinsi hofu, haraka na mazoea vinavyotuamulia mambo ya ardhi na majengo.

Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba uchungu wa kupoteza humlemea mtu kuliko furaha ya kupata kiasi kilekile. Kahneman alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Katika majengo, udhaifu huu na mingine inayofanana nao huonekana kwa namna nne.

1. Bei ya kwanza kutajwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987, wanafunzi na mawakala wa nyumba wa Tucson, Marekani, walioneshwa nyumba ileile lakini wakatajiwa bei tofauti. Makadirio yao yalifuata bei waliyotajiwa, hata kwa mawakala wazoefu. Vivyo hivyo, dalali akitaja milioni 30, kamati hushangilia kupunguziwa hadi 24, bila kuuliza kama kiwanja kinafikia hata 15.

2. Hofu ya kuachwa nyuma. Mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, wengi walikimbilia viwanja huko. Wengine walifanya hesabu. Wengine waliona tu wenzao wananunua. Maneno “kuna mteja mwingine anakuja jioni” huifanya kamati isahau kukagua hati.

3. Fedha iliyokwisha kutumika. Jengo limesimama kwenye lenta na wapangaji hawaonekani, lakini tunaendelea kuchangisha kwa sababu “tumeshatumia nyingi.” Fedha iliyokwenda hairudi. Swali la haki ni hili: kama tungepewa jengo hili leo bure, lilivyo, je, tungetoa fedha za kulimalizia?

4. Kukataa kuuza kwa hasara. Watafiti waliochunguza mauzo ya nyumba za Boston katika miaka ya 1990 waliona kwamba wenye nyumba ambao wangeuza chini ya bei waliyonunulia walidai bei kubwa zaidi, na nyumba zao zilikaa sokoni muda mrefu. Soko halijui tulinunua kwa kiasi gani.

Kamati ifanye nini?

- Iandike kwenye muhtasari bei ya juu kabisa kabla ya kwenda kuona kiwanja.
- Itumie mthamini aliyesajiliwa, asiyelipwa na muuzaji wala dalali.
- Ifanye upekuzi wa hati ofisi ya ardhi. Kwa ardhi ya kijiji, ianzie kwa halmashauri ya kijiji.
- Iweke angalau wiki mbili kati ya kuona na kulipa.
- Imteue mjumbe mmoja ambaye kazi yake ni kutafuta sababu za kutonunua, naye asihesabiwe kuwa mpinga maendeleo.

Neno kwa wafadhili

Nanyi mna sehemu yenu. Fedha inayotakiwa iwe imetumika kabla ya mwaka wa hesabu kufungwa huileta ile haraka tuliyoieleza. Tena, kamati inayoogopa kuwaambia kwamba mradi haufai itaendelea kumwaga zege. Taarifa ya kusimamisha mradi mbaya ipokeeni kama kazi njema ya usimamizi.

Mfano wa mjenzi wa mnara katika Luka 14 unatukumbusha kuketi na kupiga hesabu kwanza. Fedha tunazozungumzia zimetoka kwenye sadaka za wajane, mavuno ya wakulima na michango ya jumuiya ndogondogo. Waliozitoa wanastahili kamati inayoijua mioyo yake kabla ya kufungua mfuko wao.

Mungu awabariki.