Uvira: madaftari mawili yaliyoonyesha bei ya siku moja bila maji

Kavimvira, kaskazini mwa mji wa Uvira, siku huanza na bidoni. Mapema asubuhi, pikipiki zinapoanza kubeba wasafiri na mizigo kuelekea mpaka wa Burundi, akina mama na watoto wamekwisha kutoka nyumbani kutafuta maji. Robineti ikitoa, foleni inapangwa pale. Ikikauka, watu wanashuka ziwani ao wanaenda mtoni.

Wakaaji wa Uvira hawakungoja mtafiti awaambie kwamba maji yakikatika, kuhara na kipindupindu hufuata. Lakini maneno ya kwenye foleni hayaingii katika bajeti ya serikali wala ya mfadhili. Zilihitajika hesabu. Hesabu hizo zilipatikana siku watu wa kazi mbalimbali walipokaa pamoja na kufungua madaftari mawili yaliyokuwa katika mji uleule.

Leo vyuo vikuu vingi duniani vinatenga pesa kwa ajili ya miradi inayounganisha fani mbalimbali ili kuboresha maisha ya raia: daktari pamoja na injinia, mtaalamu wa uchumi pamoja na mtaalamu wa maji ya ziwa. Katika makaratasi, maneno hayo ni mazuri. Uvira ni mahali ambapo mtu anaweza kuona yanazaa nini, na yanapungukiwa na nini.

Daftari la hospitali na daftari la pampu

Daftari la kwanza lilikuwa la kituo cha kutibu kipindupindu. Humo wauguzi waliandika wagonjwa walioingia kila siku na kartiye walizotoka. Daftari la pili lilikuwa la Regideso, kampuni ya serikali inayosambaza maji. Humo ziliandikwa kyubiki za maji yaliyotoka kila siku katika kiwanda cha kusafisha maji.

Watafiti wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine, wakiongozwa na Aurélie Jeandron, walifanya kazi na watu wa afya na wa maji wa hapa kwetu. Waliweka madaftari hayo kando kwa kando, siku kwa siku, kwa kipindi cha kati ya mwaka wa 2009 na 2014. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2015 katika jarida la kisayansi PLOS Neglected Tropical Diseases.

Waliona kwamba baada ya siku moja bila maji ya robineti, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na wakati ambapo kiwanda kinatoa maji ya kutosha. Kwa maneno mengine, pale ambapo wangetarajiwa wagonjwa 100, walifika karibu 255.

Walihesabu pia kwamba asilimia 23 hivi ya wagonjwa wote wa kipindi hicho walitokana na upungufu wa maji ya robineti. Hiyo ni karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne. Katika kartiye zilizokuwa zikipata maji mengi zaidi ya Regideso, sehemu hiyo ilifika asilimia 31. Hilo linaweza kushangaza, lakini lina maana yake: mtu aliyezoea robineti ndiye anayepata pigo kubwa robineti inaponyamaza. Anakwenda kuchota mahali asipopazoea, na mara nyingi bila dawa ya kusafisha maji.

Mashine za bei kubwa hazikuhitajika ili kupata jibu hilo. Kilichohitajika ni muuguzi na mfanyakazi wa pampu wanaoandika kila siku bila kuruka, na mtu anayejua kufanya hesabu ya mambo hayo mawili kwa pamoja.

Ugonjwa usiokubali fani moja

Kipindupindu kiliingia mashariki mwa Kongo kupitia upande wa Ziwa Tanganyika kuelekea mwisho wa miaka ya 1970. Tangu hapo hakijaondoka. Mwaka wa 2008, daktari Mkongomani Didier Bompangue na wenzake walitangaza utafiti ulioonyesha kwamba maeneo ya kando ya maziwa ya mashariki ndiyo yanayohifadhi ugonjwa huu, kisha unatoka hapo na kusambaa kwingine. Uvira, Kalemie, Bukavu na Goma ni kati ya miji hiyo. Utafiti wao uliunganisha udaktari na jiografia: hawakuhesabu wagonjwa tu, waliuliza pia wagonjwa hao wanaishi wapi, na mahali hapo pana nini.

Ukiangalia Uvira, unaelewa sababu ya kuuliza hivyo. Mji umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa. Mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge inashuka kwa nguvu kutoka milimani na kupita katikati ya nyumba. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanabeba udongo, na maji yenye udongo mwingi ni magumu kusafisha. Umeme ukikatika, pampu zinasimama. Ziwa likipanda, vyoo vya kandokando vinajaa maji.

Mambo hayo yote yamekwisha kuonekana. Katika Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika usiku, ukaua watu, ukabomoa nyumba nyingi na kuharibu mitambo ya maji ya mji. Miaka iliyofuata, na tena mwaka wa 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika nyumba za watu, upande wa Uvira na upande wa Gatumba na Bujumbura.

Sasa, kati ya mambo hayo, daktari anaweza kutengeneza lipi peke yake? Anaweza kumwekea mgonjwa serumu na kumwokoa. Hawezi kutengeneza pampu, wala kuzuia milima isimomonyoke, wala kujua kwa nini familia fulani haiwezi kulipa faktura ya maji. Injinia naye anaweza kuweka bomba, lakini hawezi kujua kama bomba hilo limepunguza ugonjwa ikiwa hakuna mtu hospitalini anayepima wagonjwa.

Pesa zilitoka wapi, zilifanya nini

Kazi ya kuboresha maji ya Uvira ilipata pesa kutoka shirika la maendeleo la Ufaransa (AFD), Umoja wa Ulaya na Fondation Veolia. Mpango ulikuwa wa kutengeneza kiwanda, kuongeza hifadhi ya maji, kupanua mabomba, kujenga robineti za watu wote na kuunganisha nyumba nyingine.

Jambo la pekee ni kwamba utafiti uliwekwa pamoja na ujenzi tangu mwanzo. Kwa kuwa mabomba hayawezi kufika kila mahali siku moja, mji uligawanywa katika maeneo, na zamu ya kila eneo ikapangwa kwa kura. Kwa njia hiyo ingewezekana kulinganisha maeneo yaliyokwisha kupata maji bora na yale yaliyokuwa yanangoja. Mpango huo, uliotangazwa mwaka wa 2021, uliunganisha wahesabu wa takwimu, watu wa afya, wataalamu wa maji na mtaalamu wa uchumi aliyepaswa kupima faida ya mradi ikilinganishwa na gharama yake. Kituo cha utafiti wa maji na viumbe vyake cha Uvira, CRH, nacho kilikuwa na mtu wake kati ya waandishi. Kituo hicho kina mizizi katika IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka wa 1947.

Pesa za utafiti zilileta pia kitu kilichobaki hospitalini kwa miaka: vipimo vya haraka kwa wanaofika wakihara sana. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba si kila anayeitwa mgonjwa wa kipindupindu anacho kweli. Wengi walikuwa na magonjwa mengine ya tumbo. Bila kujua hilo, mtu anaweza kusifu ao kulaumu mradi kwa makosa.

Msingi huohuo ulisaidia kazi nyingine. Mwaka wa 2020, wakaaji wa Uvira walipewa chanjo ya kunywa ya kipindupindu. Timu ya Espoir Bwenge Malembaka wa Université Catholique de Bukavu, pamoja na chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, ilifuatilia ili kujua kama dozi moja tu inasaidia. Utafiti huo uliopata pesa za Wellcome na Gavi ulitangazwa mwaka wa 2024 katika Lancet Infectious Diseases. Ulionyesha kwamba dozi moja ilikinga kwa karibu nusu, hata baada ya mwaka mmoja na zaidi, na kwamba watoto wadogo walikingwa kidogo kuliko wakubwa.

Swali hilo halikuwa la Uvira peke yake. Katika Oktoba 2022, kwa sababu ya uhaba wa chanjo duniani, kamati ya kimataifa inayogawa akiba ya chanjo iliamua nchi zenye mlipuko zitumie dozi moja badala ya mbili. Wakaaji wa mji wa kando ya Tanganyika wamesaidia dunia kujua uamuzi huo una nguvu kiasi gani, na una udhaifu gani kwa watoto.

Vyuo vya hapa na mfuko mtupu

Hapo ndipo mambo yanapogeuka kuwa magumu. Pesa hizi karibu zote zilitoka nje. Vyuo vingi vya Kongo vinaishi hasa kwa minervali inayolipwa na wanafunzi. Mzazi wa Kavimvira anayeuza samaki ao mihogo ili alipe masomo ya mtoto ndiye pia anayebeba chuo mgongoni. Baada ya kulipa wafanyakazi na kutengeneza madarasa, kinachobaki kwa utafiti ni kidogo sana, na utafiti wa fani nyingi unagharimu zaidi kwa kuwa unahitaji watu wengi na muda mrefu.

Anayelipa ndiye mara nyingi anayechagua swali. Pesa zikitoka kwa ajili ya kipindupindu, kipindupindu kitachunguzwa. Mmomonyoko wa milima ya juu ya Kavimvira, samaki wanaopungua, takataka zinazoziba mifereji, vitangoja mpaka mfadhili mwingine avipende. Tena mradi wa utafiti una tarehe ya kwisha, lakini ugonjwa hauna.

Kuna njia ndogo zinazowezekana bila kungoja mamilioni. Chuo kinaweza kutenga pesa kidogo kila mwaka na kuweka sharti moja: mradi uletwe na angalau fani mbili, pamoja na kartiye moja. Wanafunzi wa afya, wa maendeleo ya vijijini na wa uchumi wanaofanya kazi zao za mwisho wanaweza kupewa swali moja la kuchunguza pamoja, badala ya kila mmoja kuandika kitabu chake kinachokwenda kulala katika bibliyoteki. Daftari la pampu na daftari la hospitali hayakuhitaji bajeti kubwa ili yawepo. Yalihitaji watu wa kuyaandika.

Njia nyingine ni kusomesha watu. Jeroen Ensink, mmoja wa watafiti wa kazi ile ya 2015, aliuawa London mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Kwa kumkumbuka, chuo chake kilianzisha mfuko unaolipia masomo ya afya ya jamii kwa wanafunzi wa Afrika ya kusini mwa Sahara na wa Asia ya Kusini. Mradi unaweza kwisha, lakini mtu aliyesoma anaweza kurudi na kuuliza maswali ya kwao.

Maswali ya kartiye

Gari la mradi likifika na bendera yake, mara nyingi wakaaji huulizwa maswali mengi: mnachota wapi, mna choo, mtoto alihara lini. Wao pia wana haki ya kuuliza.

La kwanza: swali hili limetoka kwa nani? Je, viongozi wa kartiye, akina mama wa foleni na wauguzi walisikilizwa kabla ya mradi kuandikwa?

La pili: hesabu zitabaki wapi? Zikienda zote katika kompyuta za ng'ambo, hospitali na Regideso watabaki bila chombo cha kuamua kesho.

La tatu: majibu yatarudi kwa lugha gani? Ripoti ya Kiingereza haimsaidii mama wa Kavimvira. Maneno machache ya Kiswahili, Kivira ao Kifuliiru katika redio ya mji yanaweza kumfanya aweke dawa ndani ya bidoni siku ileile maji yanapokatika.

La nne, na pengine la lazima kuliko yote: mradi ukiisha, nani atanunua mafuta ya jenereta, dawa ya kusafisha maji na vipimo vya hospitali?

Utafiti wa 2015 ulikwisha kuonyesha kwamba siku moja ya pampu kusimama inalipwa na wagonjwa kwa siku 12. Kwa hiyo pesa za kuendesha pampu ni pesa za afya, hata kama zimeandikwa katika ukurasa mwingine wa bajeti. Serikali ya jimbo, Regideso na wafadhili wana hesabu hiyo mkononi. Jioni inapofika Kavimvira na watu wanarudi tena kwenye robineti, wanachongoja ni kwamba kesho daftari la pampu lisiandikwe sifuri.