Kichwa Kisichotulia na Kujipima kwa Wengine

Ndugu, pengine nyumbani mwako yuko mtu wa namna hii. Anaanza kulima, anaacha jembe shambani. Anatumwa chumvi sokoni, anarudi na sabuni. Anajibu mbele mwenzake hajamaliza kuuliza. Kanisani mahubiri yanampita, naye anawaza kwamba imani yake ni haba. Watu wanamwita mvivu. Wengine wanasema amerogwa. Sivyo. Ubongo wake una shida ya kushika neno moja na ya kungoja. Waganga wa kwetu wanaiita TDAH, kwa Kifaransa. Si jambo la juzi: mwaka 1902, huko London, mganga George Still alieleza habari za watoto wa namna hii, wenye akili lakini wasioweza kutulia. Karibu watoto 5 katika 100 wanayo, na wengi wanakua nayo. Mara nyingi inafuata ukoo. Ukimshangaa mtoto, mtazame na baba yake!

Lakini kuna jeraha la pili, nalo mara nyingi linauma kuliko la kwanza. Tangu utoto mtu huyu amesikia, "Tazama mdogo wako!" Mwisho hapana haja ya kumwambia tena, anajiambia mwenyewe. Anaona shamba safi la jirani, anajidharau. Haoni kwamba yeye alijikaza mara tatu ili afike pahali jirani alipofika bila kuwaza. Akijidharau siku nyingi anaacha kujaribu, na wengine wanakimbilia pombe.

Kipimo hicho si cha haki. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walionyesha, kwa picha za mashine, kwamba ganda la nje la ubongo hufikia unene wake kwa watoto wengi karibu na miaka 7 na nusu. Kwa wenye TDAH, karibu na miaka 10 na nusu. Njia ni ile ile, ila wanachelewa. Basi mwalimu anayewalinganisha wawili wa umri mmoja darasani, anawalinganisha mahindi yaliyopandwa miezi mbalimbali.

Mpe mtoto kazi moja, akiimaliza mpe nyingine. Wewe mkubwa, andika kazi za leo kwenye karatasi, uitundike ukutani. Fanya kazi ngumu ukiwa na mwenzako karibu. Jioni andika yaliyomalizika, uyalinganishe na yako ya juma lililopita, si ya jirani. Dawa ziko pia, lakini ni za kupewa na mganga tu, usizinunue sokoni.

Hospitalini tutapima kwanza masikio na macho, tutauliza juu ya kifafa, usingizi na malaria iliyopanda kichwani, maana hayo nayo yanaweza kufanana na shida hii. Njoo na mama yako, au mtu mwingine aliyekujua ulipokuwa mtoto, kwa sababu dalili zake huanza mbele ya miaka 12, na wewe huenda umezisahau.