Wino wa Tintin Mbele ya Watoto wa Birere

Katika mtaa wetu wa Birere, hapa Goma, nyumba za mbao zimebanana juu ya mawe meusi ya volkano, na mpaka wa Rwanda u karibu. Huko niliwaonyesha wanafunzi wangu kurasa chache za kitabu cha picha, zilizochorwa kwa kalamu na wino mweusi, pasipo rangi. Mtoto mmoja alizitazama kitambo, kisha akauliza: “Mwalimu, hawa wote ni mapacha?”

Kitabu ni Tintin au Congo. Mchoraji ni Hergé, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1907. Jina lake halisi Georges Remi. Picha hizo zilitoka mwaka 1930 na 1931 katika gazeti la watoto Le Petit Vingtième la Brussels, kwa agizo la Padre Norbert Wallez. Hergé mwenyewe hakuwahi kuikanyaga Kongo.

Tazameni kwanza uso wa Tintin: mviringo, nukta mbili za macho, pua ndogo, basi. Sehemu kubwa imeachwa nyeupe, na weupe huo ndio alama ya utoto usio na hatia. Mtoto msomaji aweza kuuvaa uso ule kama wake. Ni ufundi mkubwa, siukatai. Lakini nyuso za Wakongo zimejazwa wino tele, midomo minene, macho ya duara, zote sawasawa. Mtoto wa Birere aingie wapi? Coco, anayemtumikia Tintin, ni mtoto kweli. Kumbe hata wazee wa kijiji wamechorwa kitoto, na kijana asiye na ndevu ndiye anayewaamulia mashauri yao!

Mimi mwalimu, ukurasa unaonichoma ni ule wa darasa la misioni. Padre anaugua, Tintin ashika nafasi yake, naye awaambia watoto kwamba atawafundisha habari za nchi yao: Ubelgiji. Kitabu kilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946, somo liligeuzwa kuwa hesabu. Tintin auliza mbili na mbili ni ngapi, wala hapana mtoto ajibuye, mpaka chui aingia darasani. Nilipowasimulia hayo, darasa langu zima lilipiga kelele, “Nne!”, hata chui sikumfikia.

Baadaye Hergé alikiri kwamba kitabu kile kilikuwa kosa la ujana wake. Mkongo mmoja alikishtaki Brussels. Mwaka 2012 mahakama ilikataa kukipiga marufuku. Nami nisingependa kifichwe, bali kisomwe mwalimu akiwapo.

Yule mtoto wa mapacha aliomba kalamu ya biki. Akachora wavulana watano wakisukuma chukudu lenye magunia ya makaa kupanda mlima. Mmoja amekunja uso, mmoja anacheka, mmoja hana meno ya mbele. Nikamwuliza wa mwisho ni nani, maana alikuwa amemwachia uso mweupe mtupu.

“Huyo bado sijamwona vizuri,” akasema, akaondoka na daftari lake kwenda kumtafuta barabarani.