Asili ya neno ‘Seneti’

Mkazi wa Nunguni, Kaunti ya Makueni, akisikia neno ‘seneta’ hufikiria siasa. Kumbe shina lake ni umri: kwa Kilatini ‘senex’ ni mzee, na ‘senatus’ lilikuwa baraza la wazee wa Roma. Waitaliano husema ‘senato’, Wahispania ‘senado’. Wakamba nao walikuwa na ‘nzama’, baraza la wazee.

Seneti yetu ya 1963 iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 1966. Katiba ya 2010 iliirejesha, ikatenga viti viwili vya vijana, jambo ambalo Mroma wa kale angelishangaa.

Uzito wake u kwenye fedha. Maseneta ndio huweka msingi wa mgao wa kaunti, zahanati za Makueni zikiwamo. Mwaka 2020 walibishania mgao huo hadi Septemba.