Walioandika sonona na bipola kwa majina yao wenyewe

Katika lugha yetu salamu huwa na jibu lake tayari. Mtu akiulizwa habari husema nzuri, hata kama ametoka mazikoni, na baadaye ndipo huongeza "ila". Wenzetu wengi wanaougua sonona hapa ughaibuni hawafiki kwenye hiyo "ila". Simu ya nyumbani inapokelewa, familia inaambiwa kila kitu ni salama, kisha mtu anarudi kitandani alikolala siku ya tatu sasa.

Kwa ajili hiyo leo tunawazungumzia watu walioiandika hiyo "ila" hadharani.

Mwandishi wa riwaya wa Marekani, William Styron, alishikwa na sonona kali mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 60. Mwaka 1989 alisimulia yaliyomsibu katika jarida la Vanity Fair, na mwaka uliofuata simulizi hiyo ikatoka kama kitabu. Alilalamika kuwa neno la Kiingereza linalotumika kwa maradhi hayo ni dhaifu mno. Nasi je? Mitaani tunayaita "mawazo" tu, na yakizidi tunarukia "wazimu" au "mashetani". Neno sonona lipo, lakini si wengi wanaolitumia.

Bipola ina sura mbili. Mgonjwa huzama kwenye sonona, na wakati mwingine hupanda juu kupita kiasi: halali, anazungumza bila kupumua, anatumia pesa kama maji. Kay Redfield Jamison aliyajua hayo kwa pande zote, kwani ni mwanasaikolojia aliyebobea katika maradhi hayo hayo, na ni profesa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka 1995 alichapisha kitabu kueleza kuwa naye anaugua, huku akihofia kazi yake.

Anasimulia jinsi alivyonunua vito, saa, samani na hata visanduku vya dawa ya kuumwa na nyoka, naye akiishi Los Angeles! Akili ilipotulia zikabaki bili. Kaka yake alisafiri kumfuata, akaketi naye wakazipanga moja baada ya nyingine. Hapo ndipo tulipopapenda zaidi, maana ndugu wa mgonjwa mara nyingi huuliza wafanye nini, na hiki ni kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya.

Jamison hafichi pia habari ya dawa. Lithiamu ilimtuliza, lakini kwa zaidi ya miaka 10 ilimzuia kusoma kitabu kizito, na zaidi ya mara moja aliiacha kwa kutamani ile hali ya kuwa juu. Kuiacha karibu kumgharimu maisha yake. Kipimo kilipopunguzwa na daktari, kusoma kukarudi. Inafaa kueleza hapa kuwa lithiamu huhitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwani kipimo kinachotibu na kile kinachodhuru havipishani sana. Kwa hiyo asiyeridhika na dawa yake azungumze na daktari kabla ya kuiacha, na kuandika kusichukue nafasi ya tiba. Jamison mwenyewe aliandika huku akimeza vidonge.

Kwetu Afrika Mashariki, Mkenya Sitawa Wafula, anayeishi na kifafa pamoja na bipola, naye ameandika maisha yake bila kuficha jina. Kwa Kiswahili, hata hivyo, maandishi ya namna hii bado ni machache.

Msomaji anayefikiria kujidhuru asisubiri kesho. Aliyeko Marekani apige 988, namba iliyoanza kutumika mwaka 2022. Uingereza, shirika la Samaritans linapatikana kwa 116 123 bila malipo, usiku na mchana. Huko Uingereza hospitali za umma humtafutia mgonjwa mkalimani bure, mradi aombe wakati anapopanga miadi.