Vibao vya Kumbukumbu katika Miji Yetu ya Karafuu



Mtu apitaye Chake Chake, Wete au Mkoani huona nyumba kuukuu za mawe na chokaa, zenye baraza mbele na mlango mpana wa kupitishia mizigo. Mara nyingi ukutani hapana neno la kumwambia ni nani waliofanya kazi humo, wala kazi gani. Kwa hiyo tumeona vema kueleza kibao cha kumbukumbu kina faida gani, na yapasa kiandikwe nini.

Kwanza yafaa tujue kwa nini miji hii ilikua. Yote mitatu iko upande wa magharibi wa Pemba, penye maji yaliyotulia, ambapo vyombo hupakia kwenda Unguja. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini ya Pemba ikasalimika zaidi. Tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa ikitoa karafuu nyingi kuliko Unguja. Maghala yakajengwa, wafanya biashara wa Kihindi wakafungua maduka, na baada ya Waingereza kushika himaya mwaka 1890, ofisi zao nazo zikaja. Ofisi ilifuata gunia. Kibao kitakachotaja ofisi na kuacha gunia kitakuwa kimesema nusu ya khabari.

Pili, kibao hakina budi kutenga linalojulikana na linalodhaniwa. Tuchukue ngome ya Chake Chake. Wengi huiita ngome ya Wareno. Lakini tuionayo leo ni kazi ya zama za Waarabu wa Oman, karne ya 18, na yadhaniwa kuwa ilisimamishwa mahali palipokuwa na ngome ya Wareno. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu yake kubwa ilibomolewa ili kupata nafasi ya hospitali. Hospitali ni kitu cha lazima, wala hatulaumu. Hata hivyo ni haki mgonjwa na mgeni wajue wamesimama juu ya nini. Kipande kilichobaki sasa ndimo yalimo Makumbusho ya Pemba.

Tatu, na hili ni zito, kibao kisifiche jasho la watu. Mikarafuu ya kwanza ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Mwaka huo huo Wakristo wa jamaa ya Friends kutoka Uingereza walianza kazi Banani, karibu na Chake Chake, ili waliotoka utumwani wapate kazi ya ujira. Baadaye wachumaji walikuwa wakivuka bahari kila msimu, kutoka Unguja na bara. Ikiwa kibao kitataja mwenye shamba peke yake, wajukuu wa mchumaji watapita mbele yake kama wageni katika mji uliojengwa na mikono ya babu zao.

Khabari za ghala nazo zastahili kuandikwa. Mwaka 1937 chama cha wakulima kilipewa kwa sheria mamlaka ya pekee ya kupeleka karafuu ng'ambo, na wafanya biashara wa Kihindi wakagoma kununua hata mwaka 1938 yalipopatikana mapatano. Pande zote mbili zatakiwa kutajwa.

Wenye nyumba wengine huogopa kwamba kibao kitawanyang'anya mali. Kuandika historia na kuweka nyumba chini ya sheria ni mambo mawili mbalimbali. Sheria ya kuhifadhi majengo ya kale Zanzibar ilitungwa mwaka 1948, na jengo huingia chini yake kwa kutangazwa na Serikali, si kwa kutundikwa kibao.

Twakubali kwamba kibao hakizuii mvua wala hakishikilii ukuta. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na juu ya hayo sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka mwezi wa Disemba 2020. Jumba lenye sifa kama hiyo likianguka, ghala la Wete lisilo jina litalindwa na nani? Lakini lililoandikwa na kusomwa huulizwa likipotea, na lisiloandikwa hupotea pasi na mtu kuuliza.

Basi twawaomba wanachama mambo matatu. Msichome stakabadhi, hati wala madaftari ya zamani ya karafuu. Waulizeni wazee sasa hivi majina ya maghala, ya gati na ya wachumaji, mkayaandike. Na kabla ya kubomoa ukuta wa kale, waarifuni watu wa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, wapate japo kuupima na kuupiga picha.