Hodi Isiyosikika: Zana za Kusaka Vifaa Visivyo na Kinga Mtandaoni

Katika ada za Waswahili, mgeni hupiga hodi akangoja. Asipokaribishwa, hurudi alikotoka. Katika intaneti zipo hodi zipigwazo usiku na mchana ambazo mwenye nyumba hazisikii. Makala haya yananuia kueleza zana zinazozipiga na namna zinavyotuhusu.

Kila kifaa kilichounganishwa moja kwa moja na intaneti, kiwe tarakilishi, kamera ya ulinzi au printa, kina anwani ya nambari. Kila anwani nayo ina malango ya kupitishia huduma, yenye nambari hadi 65,535. Zana ya upekuzi hutuma ujumbe mfupi langoni na kusubiri jibu. Aghalabu kifaa kinachojibu hutaja pia programu kinayoitumia na toleo lake.

Nmap, iliyobuniwa na Gordon Lyon, ilitolewa mwaka wa 1997. Mnamo 2009 John Matherly alizindua Shodan, inayohifadhi majibu ya vifaa ili watu wayatafute. Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa ZMap, iliyoweza kubisha lango moja katika anwani zote za umma za IPv4 kwa muda usiozidi dakika 45, kwa tarakilishi moja tu.

Zana hizi humsaidia msimamizi wa mtandao kugundua udhaifu kabla ya mdukuzi. Hata hivyo, mbinu iyo hiyo ilitumiwa na programu haribifu ya Mirai mwaka wa 2016. Ilisaka vifaa, ikajaribu majina na nywila za kiwandani zipatazo 60, kisha ikaviteka. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, vifaa vilivyotekwa viliishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti nyingi mashuhuri zikawa hazifikiki. Hakuna kufuli lililovunjwa. Funguo ziliachwa mlangoni.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka wa 2018 kuhusu uhalifu wa mitandaoni inaharamisha kuingia katika mfumo wa tarakilishi bila idhini. Basi anayetaka kujifunza upekuzi na aanze na vifaa vyake mwenyewe.

Je, mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi gani hapa? Onyo la kubadilisha nywila halimfai mwenye duka ambaye ameliona kwa Kiingereza tu, au ambaye hajui kwamba "nywila" na "neno la siri" ni kitu kimoja. Kusanifisha istilahi hizi na kuzieneza ni sehemu ya ulinzi wenyewe.